Sabuni Kwanza, Moyo Baadaye

Katika shule ya msingi niliyofundisha Nyamirambo, jijini Kigali, mwalimu wa afya hakuteuliwa kwa kupenda kazi hiyo. Aliteuliwa kwa kuchelewa kikao. Ajenda ya mwanzo wa mwaka ilipofika kwenye klabu ya usafi na afya, kila mmoja aliinamia daftari lake kana kwamba ana jambo la haraka la kumalizia, na macho ya mwalimu mkuu yakazunguka chumba mpaka yakatua kwa yule aliyeingia mwisho. Mwaka ule nilikuwa mimi. Twegerane, vile vibasi vidogo vya Kigali, ilikuwa imeniweka Nyabugogo muda mrefu ikisubiri kujaa abiria, na nilipoketi tu jina langu likaandikwa.

Kazi haikuwa na posho, wala sikupunguziwa vipindi. Nilikabidhiwa ufunguo wa stoo yenye mafagio mawili, kopo la dawa ya choo iliyokwisha kukauka, na daftari la aliyenitangulia, ambalo lilikuwa limeandikwa ukurasa mmoja tu. Asubuhi nilikuwa na kundi moja la wanafunzi, mchana jingine, na kila kundi lilipita watoto 60.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi na wageni wanaotembelea shule: Mwalimu, ni kitu gani kinachokupa moyo wa kufundisha afya? Jibu wanalolitarajia ni kwamba ualimu ni wito na kwamba tunawapenda watoto. Hilo ni jibu la adabu, na si la uongo. Tatizo lake ni kwamba halielezi kwa nini mwalimu mwenye wito uleule hufundisha afya kwa bidii katika shule hii, halafu akihamishiwa shule ya pili, vilima viwili tu kutoka hapo, anaacha kabisa. Wito hakuupoteza njiani. Kuna kitu alichokikosa kule alikokwenda, na miaka yangu darasani imenionyesha ni kitu gani.

Naanzia mwaka 2011, nilipokuwa bado mgeni kazini. Mwezi Aprili mwaka huo Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuanza kutoa chanjo ya HPV, kinga dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, kwa nchi nzima. Waliolengwa ni wasichana wa darasa la sita, na mahali pa kuchanjia palikuwa shuleni. Dozi zilikuwa 3, zote ndani ya mwaka mmoja. Wauguzi walikuja na masanduku ya kuhifadhia chanjo katika ubaridi. Abajyanama b'ubuzima, wale wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani wanaochaguliwa na majirani zao, walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wasichana wa umri huo wasiosoma. Sisi walimu tulipewa kazi ambayo kwenye karatasi ilionekana nyepesi: kuandika majina na kuwaeleza wazazi.

Upande wetu, kuwaeleza wazazi si kazi nyepesi. Biryogo, mtaa wa jirani, ni mtaa wa Waislamu waliokaa na Kiswahili chao tangu enzi za Wabelgiji. Watu wake wana maneno, wana utani, na hawaoni haya kuuliza. Habari ikiingia kwenye migahawa ya chai ya Biryogo asubuhi, adhuhuri imeshaota miguu. Mama mmoja alinifuata mpaka mlangoni mwa darasa, kitenge begani, bintiye amejificha nyuma yake.

“Mwalimu, samahani nikuulize. Sindano hii, kwa nini wasichana tu? Na kwa nini bure?”

“Uliza mama, usiogope.”

“Wanasema inafunga kizazi.”

Nilimweleza kama muuguzi alivyotueleza sisi: kwamba saratani hii huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kwamba kinga hushika vizuri zaidi ikitangulia, binti akiwa bado hajamjua mwanamume, kwamba ugonjwa wenyewe hukua polepole, miaka na miaka, ukaja kumkuta mwanamke ni mtu mzima mwenye watoto wa kulea. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba dada yake mkubwa alitokwa damu miezi mingi hata baada ya kukoma hedhi, akafa, na mpaka wanamzika hakuna ndugu aliyejua alikuwa anaumwa nini. Akamgeukia bintiye: “Haya, ingia darasani. Siku ya sindano usinisumbue.”

Takwimu za nchi zilipotoka, zaidi ya wasichana 93 katika kila 100 waliolengwa walikuwa wamemaliza dozi zote 3. Ni nchi chache tajiri zilizofika hapo. Lakini takwimu hazikunifanyia kazi aliyonifanyia yule mama. Nilikuwa nimejua jambo analolihitaji, nikamwambia, na nikamwona akiondoka nalo. Katika somo la hesabu za sehemu jambo hilo humpata mwalimu mara chache, maana matunda yake huonekana miaka mingi baadaye, tena kwa watu wengine.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba analiweza jambo fulani. Kwa maoni yake, imani hiyo hutokana zaidi na kuwahi kufanikiwa kuliko na kusifiwa au kuhimizwa. Ukitaka mtu ajiamini, mpe nafasi ya kuliweza jambo dogo kwanza. Nilimsoma marehemu huyu nikiwa nimeshafundisha miaka kadhaa, na nilijiona mimi na wenzangu katika kila ukurasa. Tulikuwa tumehimizwa vya kutosha. Hatukuwa tumewezeshwa.

Hapa niseme kidogo juu ya semina, na nitasema kwa kifupi kwa sababu ndivyo zinavyostahili. Mwalimu mmoja anaitwa hotelini, anafundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu mwingine, anarudi na bango la rangi lililoandikwa kwa Kiingereza, na anatakiwa awafundishe wenzake kumi na tano katika nusu saa ya mapumziko huku kengele ikimsubiri. Bango linabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Semina pekee iliyonibadilisha haikuwa na hoteli wala bahasha. Muuguzi wa zahanati ya jirani alitupeleka walimu wote kwenye vyoo vya wanafunzi saa nne asubuhi, baada tu ya mapumziko, akasimama pembeni na kutuambia tuwahesabu watoto wanaotoka na wanaonawa. Hatukuhitaji kuendelea kuhesabu, kwa sababu hapakuwa na maji.

Na kunawa halikuwa jambo dogo: miaka hiyo watoto wa Rwanda walikuwa wamejaa minyoo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta karibu theluthi mbili ya wanafunzi wana minyoo inayotoka kwenye udongo. Dawa zilikuwa zikitolewa shuleni, mtoto akimeza mbele ya mwalimu, na ndani ya wiki moja vituko vya chooni vilikuwa hadithi ya kila kona ya uwanja. Lakini mtoto aliyetoa minyoo leo na kesho akatoka chooni bila kunawa, tumemfanyia nini?

Tukatengeneza kandagira ukarabe, yaani kanyaga unawe. Asiyeijua na aione hivi: jerikani ya njano ya lita tano inaning'inia kwenye mti wa mlalo uliokaa juu ya miti miwili yenye panda. Karibu na shingo ya jerikani pametobolewa tundu kwa msumari uliopashwa moto. Kamba inatoka mdomoni mwa jerikani mpaka kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto anakanyaga kijiti, jerikani inainama, maji yanatoka kama uzi. Hakuna mkono unaogusa chochote, na lita tano zinatosha foleni ndefu. Msumari ukiwa mnene mno maji yanakwisha upesi. Ukiwa mwembamba watoto wanakosa subira na kuanza kusukumana. Tulitoboa jerikani kadhaa kabla ya kupata tundu linalofaa.

Sabuni ndiyo iliyotuhangaisha. Kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba hakikulala shuleni usiku mmoja. Tulikiweka ndani ya soksi, soksi nayo ikaenda. Mwishowe mtoto wa darasa la tano akapendekeza tuyeyushe sabuni ya kufulia kwenye chupa ya maji na kutoboa kizibo, kwa sababu, alisema, hakuna mtu atakayeiba maji machafu. Alisema kweli. Alipewa uongozi wa klabu siku hiyohiyo, naye aliutumikia kwa ukali ambao hata mimi niliuogopa: alisimama kando ya jerikani na daftari, na mwalimu wa kiume aliyepita bila kunawa aliandikwa jina kama wengine.

Kuanzia hapo nilifundisha afya bila kusukumwa na mtu. Nilikuwa mtu yuleyule mwenye mshahara uleule, ila sasa nikisema “nawa mikono” mtoto alikuwa na pa kunawia. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa elimu duniani uliofanyika Dakar, mashirika ya UNESCO, UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia yalikubaliana kwamba somo la afya lisiende peke yake: liende pamoja na maji na vyoo, huduma za afya na lishe shuleni, na sera ya shule inayotekelezwa. Wakubwa wale walikuwa wameyaandika mambo ya jerikani yetu zamani, sisi hatujapata nakala.

Chakula kilinifundisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi somo la mlo kamili lilikuwa somo ambalo walimu wengi tulilipitia mbiombio. Utamwambiaje mtoto habari ya protini na vitamini saa tano asubuhi, na wewe unajua kwao walilala na chai ya rangi? Mbele ya mtoto mwenye njaa, orodha ya vyakula ni kejeli. Utafiti wa afya ya kaya wa mwaka 2019 na 2020 ulikuta watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa; baadhi ya wanafunzi wetu ni dada na kaka za watoto hao.

Kisha, kuanzia mwaka 2021, mpango wa chakula shuleni ukapanuliwa kufikia watoto wote wa shule za msingi za umma. Serikali inabeba sehemu kubwa; mwaka 2022 mchango wa mzazi wa mtoto wa msingi uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula. Kuna matatizo, sikatai: kuni, sufuria, wazazi wasiomaliza mchango, siku ambazo maharage hayaivi mpaka saa nane. Lakini sahani ikawepo. Kawunga, yaani ugali wa mahindi, maharage, na dodo, mboga ya majani ambayo Kigali haikosi. Nilianza kufundisha mlo kamili watoto wakiwa wameshika vijiko. “Kwenye sahani yako, kipi kinajenga mwili?” Maharage yakainuliwa. “Kipi kinalinda?” Mboga zikainuliwa, na mmoja akaonyesha kwamba yake imemwagikia mwenzake. Walimu wenzangu ambao hawakuwahi kugusa somo la afya walianza kulifundisha pale pale kwenye foleni, bila kuambiwa, kwa sababu foleni yenyewe ilidai kunawa.

Yote haya hayamo kwenye mtihani, au yamo kidogo tu ndani ya somo la sayansi. Mtaala wa umahiri ulioanza kutumika mwaka 2016 uliyachukua mambo mengi ya afya, pamoja na elimu ya uzazi na jinsia, ukayafanya mada mtambuka: yafundishwe ndani ya masomo yote na walimu wote. Wazo ni zuri, lakini shuleni kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Mtihani wa darasa la sita unapima Kinyarwanda, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Wilaya hupangwa kwa matokeo hayo, na mwalimu mkuu husifiwa au kuhamishwa kwa matokeo hayo. Mwalimu anayechukua nusu saa ya hesabu kufundisha hedhi anajua atakayeulizwa matokeo yakitoka ni nani.

Na hapo ndipo mzee wetu wa hesabu alinishangaza. Alikuwa karibu kustaafu, mtu wa suti ya kijivu na chaki mfukoni, aliyekuwa akiondoka kikaoni kila mazungumzo yakigusa mambo ya wasichana. Siku moja aliniita.

“Binti yangu, njoo uone hesabu hii.”

Aliweka mezani daftari la mahudhurio la darasa la sita. Mtoto asipofika, yeye huandika kiduara kidogo cha wino mwekundu. Alikuwa amechukua rula na kupiga mistari: viduara vya wasichana fulani vilijirudia, siku mbili au tatu, kisha vikatoweka, kisha vikarudi baada ya takriban wiki nne. Ukurasa baada ya ukurasa. Kwa muda mrefu alikuwa amedhani wanatumwa sokoni, na aliwahi kuwaadhibu wengine kwa utoro. Hakuniambia kitu zaidi. Alifunga daftari, akauliza chumba cha wasichana kinahitaji nini.

Icyumba cy'umukobwa, chumba cha msichana, wakati huo kilikuwa kimeshaagizwa kwa shule nyingi lakini kwetu kilikuwa neno kwenye ripoti. Tuliondoa madawati yaliyovunjika kwenye stoo moja, tukaweka kitanda, ndoo, sabuni, taulo za kike na pazia. Mzee yule ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya wazazi. Akina baba waliokuwa nyuma walianza kuangalia simu zao, naye akawaambia: “Mimi ni mwalimu wa hesabu, nitasema hesabu tu. Siku tatu kila mwezi, kwa miezi tisa ya shule, ni siku 27. Ni zaidi ya wiki tano za masomo. Nani hapa anataka kumlipia binti yake shule, kisha achome wiki tano?” Simu zikarudi mifukoni. Desemba 2019 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mzee alibandika habari hiyo kwenye ubao wa matangazo, chini ya matokeo ya hesabu.

Hakuna semina iliyomgeuza. Daftari lake mwenyewe ndilo lililomgeuza, na alipoona viduara vinapungua muhula uliofuata, hakuna aliyeweza kumzuia.

Watu husema kinachompa mwalimu moyo ni mshahara. Agosti 2022 serikali iliongeza mishahara ya walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88, na sitamruhusu mtu aliyeshiba aniambie fedha haina maana. Wenzangu waliokuwa wakiuza simu na maandazi jioni walianza kusahihisha madaftari jioni. Waliokuwa wakitafuta kazi nyingine wakabaki. Lakini nyongeza ile haikumfanya asiyefundisha afya aanze kuifundisha. Ilimfanya abaki shuleni, na hiyo ni hatua nyingine.

Hofu nayo ina mipaka yake. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 14 Machi 2020, na siku mbili baadaye shule zikafungwa. Tulipoanza kurudi hatua kwa hatua kuanzia Novemba, kila mwalimu alikuwa mwalimu wa afya, na kila geti lilikuwa na bomba. Baada ya miaka miwili mabomba mengi yalikuwa makavu na kampeni zimehamia kwingine. Tarehe 27 Septemba 2024, muhula mpya ukiwa mbichi, ukatangazwa mlipuko wa Marburg, ulioambukiza watu 66 na kuua 15, wengi wao wahudumu wa afya, kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Nilizungukia shule chache za Kigali wakati ule. Palipokuwa na maji na klabu iliyo hai, mwalimu aliongeza maneno machache kuhusu kugusana na homa, na watoto wakaendelea na desturi yao. Palipokauka, mwalimu alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, wa Kigali na wa kwingine kokote: mkitafuta mwalimu wa afya msianze na hotuba ya wito. Tengeni fungu la sabuni katika bajeti ya muhula. Wekeni kipindi cha afya kwenye ratiba, chenye saa na jina la mwalimu, ili asiibe muda wa hesabu. Mpeni namba ya muuguzi atakayepokea simu. Na maafisa elimu wa wilaya, mnapokuja na fomu zenu za ukaguzi, kabla ya kufungua daftari la mwalimu, piteni kwanza uani mkanyage kijiti mwone kama maji yanatoka.